Utengenezaji wa Kamba za Plastiki Kiwandani

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

(a) kutaja malighafi zinazotumika kutengeneza kamba za plastiki na sifa za kila moja;
(b) kueleza kwa mpangilio hatua za utengenezaji, kuanzia punje za plastiki hadi rola la kamba dukani;
(c) kueleza kwa nini kamba huwa imara na kwa nini haifumuki;
(d) kukokotoa mzigo salama wa kamba;
(e) kulinganisha kamba ya plastiki na kamba ya katani katika matumizi, uchumi na mazingira.

Mada hii inagusa kemia, fizikia na jiografia kwa pamoja. Usiisome kwa kukariri orodha. Kila unapofika kwenye hatua mpya, jiulize: hatua hii ikiachwa, kamba itakuwaje?

1. Utangulizi

Simama kwa muda pembeni mwa barabara kuu pale Ipogolo, chini ya mlima ulioubeba mji wa Iringa, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Malori hupita hapo usiku na mchana: yamebeba mbao za Mafinga, viazi vya Njombe, mchele wa Mbeya. Tazama mizigo yenyewe. Turubai limebanwa kwa kamba, magunia yamefungwa kwa kamba, na tenga za nyanya zimeunganishwa kwa kamba. Nyingi ya kamba hizo ni za plastiki, za bluu, kijani au rangi ya chungwa.

Gari linaloelekea Dar es Salaam kutoka hapo litapita Ilula, kisha litashuka Mlima Kitonga wenye kona kali na korongo upande mmoja. Dereva akikanyaga breki, mzigo hutaka kuendelea mbele. Akikata kona, mzigo hutaka kutoka nje ya kona. Hiyo ndiyo inesha uliyoisoma katika fizikia. Kinachouzuia mzigo usimwangukie mtu wa gari la nyuma ni utepetepe wa plastiki uliosokotwa, wenye unene wa kidole. Kwa hiyo swali la mada hii si la darasani tu: kamba hiyo ilitengenezwaje, na unajuaje kwamba inaaminika?

Jibu kwa ufupi ni hili: uimara wa kamba hutokana na mambo matatu, yaani malighafi safi, kuvutwa na kusokotwa. Kamba mbili zinaweza kufanana rangi na unene, lakini moja ikabeba mzigo mara mbili ya nyingine kwa sababu moja ya hatua hizo ilifanywa vibaya.

2. Majina yasikuchanganye

Mtaani kamba hizi huitwa "kamba za manila" au "kamba za nailoni". Katika mtihani kuwa mwangalifu.

- *Manila* halisi ni kamba itokanayo na mmea uitwao abaka, wa jamii ya migomba, unaolimwa Ufilipino. Jina limetokana na Manila, mji mkuu wa nchi hiyo. Jina hilo likabaki hata pale kamba yenyewe ilipobadilika kuwa ya plastiki.
- *Katani* ni nyuzi zinazotolewa kwenye majani ya mkonge. Mkonge ni mmea; katani ni nyuzi zake.
- *Kamba ya plastiki* ni kamba yoyote iliyotengenezwa kwa polima za viwandani: polipropilini, polithini, nailoni au poliesta. Kamba nyingi za bei nafuu madukani ni za polipropilini, wala si za nailoni.

3. Historia fupi: kutoka katani hadi plastiki

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani. Asili ya mmea huo ni Mexico, lakini miche yake aliagiza kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache, mashamba yalienea Tanga, Morogoro na kwingineko, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000.

Sehemu kubwa ya katani hiyo ilikwenda Ulaya na Amerika kutengenezea kamba za mashambani, hasa za kufungia nyasi kavu na mabua. Hapo ndipo plastiki ilipoingilia.

- Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza nailoni.
- Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Dickson wa Uingereza waligundua nyuzi za poliesta.
- Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alitengeneza polipropilini yenye molekuli zilizopangika vizuri, akitumia vichocheo vya Karl Ziegler wa Ujerumani. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963.

Polipropilini ilikuwa nyepesi, haikuoza kwa unyevu na ilikuwa nafuu. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya katani ilianza kuporomoka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa Tanzania ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000.

*Zingatia:* Plastiki haikuwa sababu pekee. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na matatizo ya uendeshaji yaliyofuata yalichangia anguko hilo. Ukiulizwa sababu za kuporomoka kwa zao la mkonge, taja zote mbili.

4. Malighafi

Kamba za plastiki huanzia kwenye mafuta ghafi na gesi asilia. Kiwanda cha kemikali hutenga gesi ya propilini. Molekuli ndogo za gesi hiyo, ziitwazo monoma, huunganishwa kwa maelfu kuwa mnyororo mrefu uitwao polima. Kitendo hicho ni upolimishaji. Polima hukatwa kuwa punje ndogo zinazokaribia ukubwa wa punje za mchele, na hizo ndizo zinazofika kwenye kiwanda cha kamba zikiwa ndani ya mifuko.

Linganisha malighafi zifuatazo. Densiti ni kwa gramu katika sentimita moja ya ujazo.

| Malighafi | Densiti | Huyeyuka kwenye nyuzijoto (Selisiasi) | Sifa kuu |
|---|---|---|---|
| Polipropilini | 0.91 | takriban 165 | Nyepesi, huelea, bei nafuu |
| Polithini nzito | 0.95 | takriban 130 | Huelea, laini, huteleza |
| Nailoni | 1.14 | 215 hadi 260 kutegemea aina | Imara sana, hunyumbuka, hunyonya maji |
| Poliesta | 1.38 | 250 hadi 260 | Imara, hainyumbuki sana, hustahimili jua |
| Katani | takriban 1.45 | Haiyeyuki. Huungua | Haitelezi, huoza yenyewe |

Kutokana na jedwali hili unaweza kujibu maswali mengi. Kwa nini wavuvi hupenda polipropilini kwa kamba za juu ya wavu? Kwa sababu densiti yake ni ndogo kuliko ya maji, hivyo huelea. Kwa nini kamba ya kuvutia gari lililokwama hufaa iwe ya nailoni? Kwa sababu hunyumbuka na kupokea mshtuko bila kukatika haraka.

5. Hatua za utengenezaji

Maelezo haya ni ya kamba ya polipropilini yenye misokoto mitatu, ambayo ndiyo aina iliyozoeleka.

*Hatua ya 1: Kuchanganya.* Punje za polipropilini huchanganywa na punje za rangi pamoja na dawa ya kuzuia madhara ya mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye jua. Dawa hiyo hutumika kwa kiasi kidogo, lakini ikiachwa, kamba hukauka na kuvunjika mapema.

*Hatua ya 2: Kuyeyusha.* Mchanganyiko huingia kwenye ekstruda. Hii ni mashine yenye bomba la chuma lililopashwa moto, na ndani yake kuna skrubu kubwa inayozunguka, mfano wa ile ya mashine ya kusagia nyama. Skrubu husukuma punje mbele huku joto na msuguano vikiziyeyusha. Joto hupandishwa kupita nyuzijoto 200 ili plastiki iwe uji mzito unaotiririka. Kabla ya kutoka, uji hupita kwenye chujio la waya ili takataka zibaki. Chembe moja ya uchafu ikipita, itakuwa sehemu dhaifu kwenye uzi.

*Hatua ya 3: Kutoa umbo.* Uji husukumwa kwenye mdomo wa mashine. Mdomo wenye ufa mwembamba hutoa utando mpana wa plastiki. Mdomo wenye matundu madogo mengi hutoa nyuzi moja kwa moja. Njia ya utando hutumika sana kwa kamba za kawaida.

*Hatua ya 4: Kupoza.* Utando huzamishwa mara moja kwenye beseni la maji. Kupoza haraka huifanya plastiki iwe laini kiasi cha kuweza kuvutwa vizuri baadaye.

*Hatua ya 5: Kukata.* Utando hupita kwenye safu ya wembe na kugawanywa kuwa tepe ndefu nyembamba. Kufikia hapa, tepe hizi bado ni dhaifu. Unaweza kuzirefusha kwa mkono.

*Hatua ya 6: Kuvuta.* Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Tepe hupita kwenye rola za kwanza zinazozunguka polepole, kisha kwenye tanuri lenye joto lisilofikia la kuyeyusha, kisha kwenye rola za pili zinazozunguka kwa kasi kubwa zaidi. Kwa kuwa rola za pili zina kasi kuliko za kwanza, tepe hulazimika kurefuka, kwa kawaida mara 6 hadi 10. Minyororo ya molekuli iliyokuwa imejikunja ovyo kama nywele ambazo hazijachanwa hunyooka na kulala upande mmoja, sambamba na urefu wa tepe. Baada ya hapo, anayevuta tepe hiyo anapambana na molekuli zenyewe, na uimara huongezeka mara nyingi.

*Mfano wa kukokotoa:* Rola za kwanza zina kasi ya mita 15 kwa dakika na za pili mita 120 kwa dakika.

Uwiano wa kuvuta = 120 ÷ 15 = 8

Yaani kila mita 1 ya tepe imekuwa mita 8. Uzito haujabadilika, hivyo tepe imekuwa nyembamba.

*Hatua ya 7: Kutuliza.* Tepe hupashwa moto tena huku zikiachwa zilegee kidogo, kisha hupozwa. Zisipotulizwa, kamba itasinyaa itakapokutana na joto la jua.

*Hatua ya 8: Kuzungushia kwenye bobini.* Kila tepe huzungushiwa kwenye bobini yake. Hapa hupimwa unene kwa kipimo kiitwacho denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mfano: mita 900 zikiwa na gramu 100, mita 9,000 zitakuwa na gramu 1,000, uzi huo ni wa denia 1,000.

*Hatua ya 9: Kusokota uzi.* Tepe kadhaa hukusanywa na kusokotwa pamoja kuelekea upande mmoja, tuseme kulia. Tunapata *uzi*.

*Hatua ya 10: Kusokota msokoto.* Nyuzi nyingi hupitishwa kwenye sahani yenye matundu ili zikae kwa mpangilio, halafu husokotwa pamoja kuelekea kushoto. Tunapata *msokoto*.

*Hatua ya 11: Kufunga kamba.* Misokoto mitatu husokotwa pamoja kuelekea kulia. Tunapata *kamba*. Kumbuka mfuatano huu: kulia, kushoto, kulia.

*Hatua ya 12: Kupima na kufungasha.* Kamba huzungushwa kuwa rola, hupimwa uzito na urefu, na sampuli hukatwa ili kuvutwa kwenye mashine hadi ikatike. Lebo huonyesha unene, urefu na aina ya malighafi.

*Kumbuka:* Zipo pia kamba za kusuka, ambazo misokoto yake hupishana juu na chini kama mkeka au kamba ya viatu. Hizo hazizunguki zinapobeba mzigo, lakini huchukua muda mrefu zaidi kutengenezwa.

6. Kwa nini kamba haifumuki?

Uzi uliosokotwa kulia hutaka kujifumua kwenda kushoto. Msokoto uliosokotwa kushoto hutaka kujifumua kwenda kulia. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja kinapojaribu kujifumua humkaza mwenzake. Nguvu hizo mbili hushikana na kamba hutulia. Endapo kiwanda kingesokota hatua zote tatu upande mmoja, kamba ingejikunjua mara tu ikikatwa.

Kusokota kuna kazi ya pili. Mzigo unapovuta kamba, nyuzi hubanana, msuguano kati yake huongezeka, na uzi mmoja ukikatika mingine huubeba mzigo wake. Ndiyo maana kamba nene hutengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, wala haitengenezwi kwa fimbo moja nene ya plastiki.

Kumbuka kwamba elimu hii ni ya kale. Mzee anayesokota katani kwenye paja, akipeleka nyuzi mbele na kisha kuziacha zijiviringe kinyume, anafanya hatua ya 9 na ya 10 bila mashine. Kiwanda kimeongeza kasi. Kanuni ni ileile.

Jaribio la 1: Kuvuta

Kata kipande cha plastiki laini ya kufungia mkate, upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 10. Kivute polepole kwa mikono miwili. Utaona sehemu ya katikati inakonda na kurefuka. Endelea polepole: itafika mahali plastiki inagoma kurefuka zaidi na inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Umepanga molekuli zake kama rola za hatua ya 6 zinavyofanya. Sasa jaribu kukichana kwa kufuata urefu wake. Utaona kinachanika kwa urahisi. Uimara umeongezeka upande mmoja na kupungua upande mwingine.

Jaribio la 2: Kusokota

Chukua uzi wa kushonea wenye urefu wa mita 1. Mwenzako ashike ncha moja, wewe zungusha ncha ya pili upande mmoja mara nyingi, huku uzi ukiwa umekazwa. Shikeni katikati, kisha unganisheni ncha mbili na kuachia taratibu. Uzi utajiviringa wenyewe kinyume na ulivyozungusha, na hautafumuka. Hiyo ni kamba ya misokoto miwili.

7. Kukokotoa mzigo salama

Wengi hudhani kamba inayokatika kwa mzigo wa tani 2 inaweza kutumika kubeba tani 2. Hilo ni kosa la hatari. Nguvu ya kukatika hupimwa kwa kamba mpya, iliyonyooka, inayovutwa taratibu. Barabarani kamba ina mafundo, imechakaa, na huvutwa kwa mshtuko.

*Mfano:* Kamba ya polipropilini ya milimita 12 hukatika kwenye kilonyutoni 20, kiwango cha kawaida kwa kamba bora ya unene huo. Chukulia kani ya uvutano kuwa nyutoni 10 kwa kilo.

Nguvu ya kukatika: kilonyutoni 20, sawa na uzito wa kilo 2,000.
Fundo hupunguza uimara kwa karibu nusu: 20 ÷ 2 = kilonyutoni 10.
Gawanya kwa kipimo cha usalama, tuseme 5: 10 ÷ 5 = kilonyutoni 2.
Mzigo salama: kilo 200.

Kutoka kilo 2,000 hadi kilo 200! Ndiyo maana mzigo wa lori hufungwa kwa kamba nyingi.

*Kanuni ya unene:* Uimara hufuata eneo la mkato wa kamba, na eneo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, uimara hubaki robo. Kamba ya milimita 6 itakatika kwenye takriban kilonyutoni 5, wala si 10. Anayeokoa pesa kwa kununua kamba yenye nusu ya unene amepoteza robo tatu ya usalama.

8. Kuitambua kamba dhaifu

Baadhi ya watengenezaji hupunguza gharama kwa kuongeza unga wa chokaa kwenye plastiki, au kwa kuyeyusha plastiki kuukuu tena na tena. Kila plastiki inapoyeyushwa upya, minyororo ya molekuli hukatika na kuwa mifupi, na uimara hupungua. Kwa macho, kamba inaweza kung'aa vilevile. Fanya uchunguzi huu:

(i) *Maji.* Kata kipande kidogo, kifumue, kikamue ndani ya maji yenye sabuni ili hewa itoke. Polipropilini huelea. Kikizama, ama si polipropilini au kimechanganywa na kitu kizito.
(ii) *Msokoto.* Misokoto mitatu iwe na unene sawa na pembe moja urefu wote. Kamba iliyosokotwa kwa kulegea hufunguka ukiisukuma kwa vidole viwili kuelekeana.
(iii) *Vumbi.* Sugua kamba mikononi. Ikiacha unga au vipande vidogo vinavyokatika, imeshambuliwa na jua au ina chokaa nyingi.
(iv) *Uzito.* Mita 100 za kamba ya polipropilini ya milimita 12 huwa na takriban kilo 6.5. Ikiwa nyepesi mno, unene ulioandikwa si wa kweli.

*Utunzaji:* Weka kamba kivulini isipotumika. Usiipitishe kwenye kona kali ya bodi bila kuweka gunia au kipande cha mpira chini yake. Usiiache iteleze kwa kasi kwenye chuma, kwa sababu msuguano huleta joto, na polipropilini huanza kulainika kabla hata ya kuyeyuka. Kamba iliyokatika usiiunge kwa fundo na kuirudisha kwenye mzigo mzito. Ibakize kwa kazi ndogo.

9. Mazingira na uchumi

Sifa inayoifanya plastiki ipendwe, yaani kutooza, ndiyo inayoleta tatizo. Kamba iliyotupwa mtoni hukaa miaka mingi, na jua huivunja kuwa vipande vidogo vinavyoingia kwenye udongo, maji na samaki. Ng'ombe akila vipande vya kamba, vinaweza kuziba tumbo lake. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia 1 Juni 2019, na tangu hapo umma umezoea kuhoji matumizi ya plastiki.

Katani huoza na kurudi kuwa udongo. Hata hivyo ina gharama zake: nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na sehemu kubwa iliyobaki baada ya kupita kwenye korona ni maji na makapi. Kamba ya katani ni nzito zaidi, hunyonya maji, na kwa unene uleule hubeba chini ya kamba bora ya polipropilini.

Kwa hiyo hakuna kamba bora kwa kila kazi. Kufunga matawi ya nyanya shambani, ambako kamba itaachwa udongoni, katani inafaa zaidi. Kufunga mbao zitakazonyeshewa kutoka Mafinga hadi pwani, polipropilini nzuri inafaa zaidi. Mkulima wa mkonge na mwenye lori wote wananufaika pale mnunuzi anapojua tofauti hiyo.

10. Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika kwamba katani ni mmea. Mmea ni mkonge.
- Kuita kila kamba ya plastiki nailoni.
- Kutaja "kuvuta" bila kueleza kwamba molekuli hupangika. Mtahini anataka sababu.
- Kusahau kwamba mielekeo ya kusokota hupishana.
- Kuchukua nguvu ya kukatika kama mzigo salama.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya uzi, msokoto na kamba.
2. Rola za kwanza zina kasi ya mita 18 kwa dakika, za pili mita 126. Tafuta uwiano wa kuvuta.
3. Mita 450 za uzi zina uzito wa gramu 90. Tafuta denia.
4. Kamba hukatika kwenye kilonyutoni 32. Ikiwa na fundo, na kipimo cha usalama ni 8, tafuta mzigo salama kwa kilo.
5. Kiwanda kimesahau hatua ya 7. Mnunuzi ataona tatizo gani?
6. "Plastiki iliua zao la mkonge Tanzania." Jadili kauli hii kwa hoja mbili za kuunga mkono na moja ya kupinga.

Majibu kwa ufupi

1. Tepe husokotwa kuwa uzi; nyuzi husokotwa kinyume kuwa msokoto; misokoto husokotwa kinyume tena kuwa kamba.
2. 126 ÷ 18 = 7.
3. 90 ÷ 450 × 9,000 = denia 1,800.
4. 32 ÷ 2 = 16; 16 ÷ 8 = kilonyutoni 2; sawa na kilo 200.
5. Kamba itasinyaa na kuwa fupi ikipata joto.
6. Kuunga mkono: polipropilini ilichukua soko la kamba za mashambani Ulaya na Amerika, bei ya katani ilishuka katikati ya miaka ya 1960. Kupinga: matatizo ya uendeshaji baada ya utaifishaji wa 1967 nayo yalichangia. Hitimisha kwa msimamo wako mwenyewe. Insha isiyo na msimamo haipati alama zote.